Kufunga jaa si kusafisha ardhi

Kama ulizoea kusafiri kwa matatu kutoka mjini Mombasa kuelekea Changamwe miaka kumi hivi iliyopita, bila shaka unaikumbuka Kibarani. Abiria walifunga madirisha kabla hata ya kuvuka Makupa. Kina mama walijiziba pua kwa leso, naye kondakta aliendelea kudai nauli kana kwamba hakuna lolote. Jaa lile lilifungwa mnamo 2018. Udongo ulimwagwa juu yake, nyasi na miti ikapandwa, na siku hizi msafiri hupita hapo akitazama bahari bila kukunja uso.

Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini siku moja nikipita hapo, mzee mmoja aliyeketi kando yangu alitazama nje kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, haya majani ni mazuri. Na kule chini, je?" Hakungoja jibu, maana alikuwa akishuka. Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu naamini wengi wetu tunaoishi mijini tumekubali kudanganywa na pua zetu. Uvundo ukiisha, tunadhani hatari nayo imekwisha.

Uvundo wa jaa hutokana na vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya vyakula, mizoga. Hivyo vikishaoza huisha. Vinavyobaki ni vile visivyooza, yaani betri kuukuu, mabaki ya rangi, dawa za kuulia wadudu, mafuta ya magari na taka za viwandani. Risasi haina harufu. Zebaki nayo haina harufu tunayoweza kuihisi. Mvua inaponyesha, maji hupenya katika rundo hilo, yakabeba sehemu ya sumu hizo, yakachuruzika polepole hadi kuyafikia maji yaliyo chini ya ardhi. Maji hayo ya chini nayo husafiri, ingawa mahali pengine mwendo wake ni wa mita chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana kisima kinaweza kutoa maji mazuri leo na kuanza kuharibika miaka mingi baada ya jaa kufungwa, wakati ambapo hata waliolifunga wamekwisha kustaafu.

Na hapa nikupe tahadhari ambayo aghalabu husahaulika. Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi risasi wala madini mengine mazito. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani kwa kuchemka sana, madini hayo hubaki yote na kuwa mengi zaidi katika maji yaliyosalia.

Mfano ulio wazi zaidi wa haya yote hauko mbali na Kibarani. Ni mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, wenye wakazi wapatao 3,000. Huko hakukuwa na jaa la manispaa bali kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, kilichojengwa ubavuni mwa nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikauosha hadi kwenye mitungi ya maji. Maji machafu yalitiririka katika vichochoro ambamo watoto walicheza. Wafanyakazi walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo. Mmoja wa walioajiriwa hapo, Bi Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini, akaanza kampeni iliyomtia taabani na vyombo vya dola na ambayo hatimaye ilimpatia tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman mnamo 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Mnamo 2015, kiwanda kikiwa kimekwisha kufungwa, watafiti walipima damu ya watoto wa Owino Uhuru na kuilinganisha na ya watoto wa mtaa jirani wa Bangladesh. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa kila desilita, nao wenzao wa Bangladesh walikuwa na 3.7. Udongo nao ulipimwa, na ule wa Owino Uhuru ulionekana kuwa na risasi zaidi ya mara kumi ya ule wa jirani. Tanuri lilikuwa limezimwa, bomba la moshi limepoa, mitambo haingurumi tena. Sumu ilikuwa imebaki uani.

Risasi haiozi, haiyeyuki kwa jua, wala haibebwi kwa urahisi na mvua hadi chini kabisa. Hung'ang'ania udongo wa juu, kina cha sentimita chache tu, mahali hapo hapo ambapo mtoto hutambaa, huokota kitu na kutia vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mchanga hufyonza risasi kwa wingi zaidi kuliko wa mtu mzima. Ikiingia, huathiri ubongo ambao bado unakua. Mtoto aliyepata kiasi kikubwa mno hushikwa na degedege na anaweza kufa. Aliyepata kiasi kidogo haonekani kuwa mgonjwa, ila shuleni hawezi kutulia, husahau upesi, na mwalimu humwita mzembe. Kwa kina mama waja wazito, risasi huweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Huenda sasa unasema, basi watoto hao wapelekwe hospitalini watibiwe. Hilo ndilo wazo la kwanza la kila mzazi, nami silaumu. Lakini shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa 2021, linaeleza kwamba dawa ya kuiondoa risasi mwilini inapendekezwa kwa mtoto ambaye kipimo chake kimefikia mikrogramu 45 au zaidi kwa desilita. Kuanzia mikrogramu 5, linalotakiwa ni kutafuta chanzo na kumwondoa mtoto kwenye chanzo hicho. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa kipimo cha 12 akienda kliniki, daktari mwema hatamwandikia sindano wala vidonge vya kutoa risasi. Atampa ushauri wa lishe na usafi, kisha atamwuliza: hiyo risasi inatoka wapi? Mama atajibu, inatoka uani kwetu. Daktari atasema, iondolewe. Na nani? Hapo daktari hana la kuongeza, kwa sababu dawa inayohitajika haiuzwi katika duka la dawa. Dawa yenyewe ni sepetu.

Ukidhani natia chumvi, tazama yaliyotokea katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mnamo 2010, iligunduliwa kwamba watoto walikuwa wakifa kwa wingi katika vijiji ambako watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani, mawe yaliyokuwa na risasi nyingi ndani yake. Yapata watoto 400 walifariki. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifika na dawa, lakini lilishikilia sharti moja: mtoto hawezi kuanzishiwa dawa na kurudishwa katika ua ambao haujasafishwa, kwani angekuwa akitolewa risasi kwa mkono mmoja na kulishwa kwa mkono mwingine.

Basi wakasafisha. Walitumia majembe, matoroli na nguvu za wanavijiji wenyewe waliofunzwa na wataalamu. Waliparua udongo wa juu wa kila ua ulioonekana kuwa na sumu, wakaubeba hadi kwenye mashimo yaliyochimbwa mbali na makazi na visima, wakaufukia, kisha wakaleta udongo safi na kuutandaza. Ndani ya nyumba nako walifagia na kuondoa vumbi. Kijiji kikishapimwa tena na kuonekana salama, ndipo watoto walianzishiwa matibabu.

Kijiji kimoja, Bagega, kilichelewa. Serikali iliahidi naira milioni 850 mnamo Mei 2012, lakini fedha hizo hazikutolewa hadi mwishoni mwa Januari 2013. Kwa muda wote huo dawa zilikuwapo, madaktari walikuwapo, nao watoto wa Bagega walikuwa wakingoja koleo. Sijui kama kuna mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba kusafisha ardhi ni tiba, na kwamba faili linapolala mezani mwa afisa wa fedha ni sawa na chumba cha dawa kufungwa kwa kufuli.

Turudi kwetu. Wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani, na safari yao yafaa ikumbukwe. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Halikadhalika iliamuru waliohusika, zikiwemo asasi za serikali, wasafishe udongo na maji ya mtaa huo katika muda wa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo, na Desemba 6, 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wananchi walisherehekea, na walikuwa na haki ya kusherehekea. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na hapa mahakama ilionyesha kwamba maneno hayo yana meno.

Lakini ona jinsi tulivyoizungumza habari ile. Magazeti yaliandika kuhusu bilioni 1.3. Redioni watu walibishana juu ya bilioni 1.3. Milioni 700 za udongo hazikutajwa sana, na ile miezi minne ndiyo kabisa. Hesabu mwenyewe: tangu Julai 2020 hadi Desemba 2024 ni zaidi ya miaka minne. Mtoto aliyezaliwa siku hukumu ya kwanza ilipotolewa alikuwa amekwisha kutambaa, kutembea na kuanza chekechea kesi ilipomalizika. Miaka hiyo ya kutambaa ndiyo miaka ambayo risasi humwumiza zaidi.

Fidia ni ya madhara yaliyopita. Mtu aliyepewa fidia akabaki katika ua ule ule anaendelea kudhurika, na akihama kwa fedha hizo, chumba chake kitapangishwa kwa mwingine asiyejua lolote, pengine msichana aliyetoka mashambani jana na mtoto mgongoni. Kwa maoni yangu, kusafisha kungetangulia. Mabishano ya nani alipe nani kiasi gani yanaweza kuchukua miaka kumi mahakamani bila kumwua mtu, mradi sumu imekwisha kuondolewa. Serikali ingesafisha kwanza, kisha ikamdai mwenye kiwanda.

Wamarekani walijifunza jambo hilo kwa uchungu. Katika mji wa Niagara Falls kuna mtaa uitwao Love Canal. Kuanzia 1942 hadi 1953 kampuni moja ya kemikali ilitupa yapata tani 21,000 za taka zake katika mfereji wa zamani, ikafukia kwa udongo, kisha ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Shule ikajengwa na nyumba zikafuata kando yake. Juu palikuwa na nyasi nzuri tu. Miaka ya 1970 maji ya chini ya ardhi yalipopanda kwa sababu ya mvua na theluji nyingi, kemikali zilianza kujitokeza katika vyumba vya chini vya nyumba za watu. Agosti 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa. Miaka miwili baadaye nchi hiyo ilipitisha sheria inayoiwezesha serikali kusafisha kwanza na kumdai mchafuzi baadaye.

Hata hivyo, usidhani kwamba taka za Love Canal zilichimbuliwa na kupelekwa kwingine. Zingali pale pale. Zilifunikwa kwa tabaka la udongo mzito wa mfinyanzi ili mvua isipenye, mitaro ikachimbwa kando yake ili kuyakinga maji yanayochuruzika, nayo maji hayo hupampiwa na kusafishwa kabla ya kuachiliwa. Mahali hapo paliondolewa katika orodha ya maeneo hatari mnamo 2004, lakini mitambo ya kusafisha maji na upimaji havikukoma. Udongo unaweza kuparuliwa kwa wiki kadhaa. Maji ya chini yakishachafuka, kazi yake ni ya miongo, na ndiyo sababu haifai kungoja mpaka sumu iyafikie.

Kuna wanaotuambia kwamba tupande tu alizeti au miti fulani, nayo itaifyonza risasi yote. Ni kweli kuna mimea inayofyonza madini, na wataalamu wanaifanyia utafiti. Lakini risasi huishika ardhi kwa nguvu, na mimea huhitaji miaka mingi kupunguza kiasi kidogo. Isitoshe, mimea hiyo yenyewe ikishaifyonza huwa taka ya sumu. Katika mtaa wenye watoto, siwezi kumshauri mtu yeyote akubali alizeti badala ya sepetu. Njia nyingine, ya kuchanganya udongo na madini ya fosfati ili risasi ishikamane na isiingie mwilini kwa urahisi, inaweza kusaidia mahali ambapo hapachimbiki, ila risasi hubaki palepale.

Hayo tisa. Kumi ni kwamba udongo ukichimbwa lazima uende mahali. Mwanakandarasi asiyesimamiwa ataupakia kwenye lori usiku na kuumwaga katika mtaa mwingine wa maskini, au atauuza kwa watu wa kujaza mashimo ya barabara. Kwa hiyo unaposikia kwamba mahali fulani patasafishwa, swali la kwanza la kuuliza ni: utafukiwa wapi, na nani amepima hapo?

Wewe unayeishi karibu na jaa, gereji ya betri au kiwanda kilichofungwa, usingoje hukumu ya mahakama ili kumlinda mtoto wako. Usifagie kavu, kwa sababu vumbi huruka na kutua juu ya chakula. Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Viatu vya nje vibaki mlangoni. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, pamoja na vitu vyake vya kuchezea. Kama unapanda sukuma wiki, tumia magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mahali safi, na uoshe majani vizuri. Mpe mtoto vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kama maharagwe, mboga za majani, omena na maziwa, kwani mwili wenye njaa ya madini hayo hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Maji ya kunywa yasikingwe kwenye mabati yaliyo karibu na moshi wa kiwanda. Na kina mama waja wazito wanaopenda odowa, tafadhali, huu ni mtaa wa kuacha tamaa hiyo, kwani hujui udongo huo umechimbwa wapi.

Hatua hizo hupunguza madhara, haziondoi sumu. Nasisitiza hivyo kwa sababu nimewahi kusikia afisa mmoja akiwaambia wananchi katika baraza kwamba shida yao ni kutonawa mikono. Mtu hawezi kunawa mikono mara mia kwa siku katika ua ambao ni sumu tupu, tena kwa maji anayonunua kwa mtungi.

Nimalizie na wakazi wa Nairobi, ambao pengine wamesoma yote haya wakidhani ni mambo ya Pwani. Jaa la Dandora lilianza mwaka wa 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mnamo 2001. Utafiti uliodhaminiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na kutolewa mwaka 2007 ulipima watoto 328 walioishi au kusoma karibu na jaa hilo. Takriban nusu yao walikuwa na risasi katika damu iliyofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, na mto Nairobi unapita hapo hapo kando. Kila baada ya miaka michache tunaahidiwa kwamba jaa hilo litahamishwa, nami naomba liwe hivyo. Lakini siku hiyo itakapofika na viongozi waje kukata utepe na kupanda miti, mwenye watoto Korogocho, Dandora au Kariobangi na aende akiwa na maswali tayari. Udongo umepimwa hadi kina gani? Visima na mto vitapimwa mara ngapi kwa mwaka, kwa miaka mingapi, na matokeo yatabandikwa wapi ili kila mtu ayasome? Na damu ya watoto itapimwa tena lini, kabla ya miche kupandwa au baadaye?